Ukungu wa Kilomita Moja na Nusu

Saa nne kasoro dakika tano asubuhi, Nesibeli alifunga mlango wa chumba cha kompyuta kwa ufunguo kabla hajasema neno. Balzhan alikuwa mpelelezi kwa miaka kumi na sita, na alishazoea kufungiwa milango na watu waliokuwa wakimwogopa yeye. Huyu hakuwa akimwogopa yeye. Alikuwa ameshika bakuli la chai ya maziwa, na nusu ya chai ilikuwa imeshamwagika mezani.

"Kaa, dada," Nesibeli alisema.

"Umenipigia simu mara sita tangu alfajiri. Sema nikiwa nimesimama."

"Uliandika kwamba Tolegen ndiye aliyeharibu picha."

"Niliandika alichokiri mwenyewe."

"Basi njoo uangalie ulichoandika."

Kwenye meza kulikuwa na vioo viwili vya kompyuta, na kila kimoja kilionyesha picha ya chini ya ardhi ya jangwa la Mangystau. Balzhan hakuwa mtu wa kompyuta, lakini katika miezi miwili ya kesi hii alikuwa amejifunza mambo yake. Magari mazito hupita jangwani, husimama kwenye kituo kila baada ya mita hamsini, hushusha bamba la chuma na kuitetemesha ardhi. Sauti inashuka, inagonga matabaka ya mawe, mwangwi unarudi juu kwenye vinasa sauti vilivyotandazwa kama shanga. Mwangwi huo huletwa mjini kwa watu kama Nesibeli, wakausafisha na kuujumlisha mpaka mawe yaonekane. Sauti nene huonyesha matabaka manene. Ukitaka kuona tabaka jembamba, unahitaji sauti nyembamba.

Na Tolegen, aliyeifanya kazi hiyo kabla ya Nesibeli, alizichuja sauti nyembamba akazitupa. Tabaka la gesi lenye unene wa mita sita halikuonekana kwenye picha yake. Kisima namba saba kikalitoboa bila habari, gesi ikapanda, mtambo ukawaka, wakafa watu wanne. Hiyo ndiyo iliyokuwa taarifa ya Balzhan, kurasa kumi na nne, sahihi yake mwishoni. Tolegen alikuwa katika siku ya kumi na tisa mahabusu. Na kwa kuwa mkosaji alishapatikana, kampuni ilipewa ruhusa ya kuchimba kisima namba tisa, hatua chache tu za jangwa kutoka kile cha saba.

"Hiki cha kushoto ni kazi ya Tolegen," Nesibeli alisema. "Hiki cha kulia ni kazi yangu. Mwangwi ni ule ule, nimeanza upya toka mwanzo. Sijatupa sauti hata moja. Nimezipandisha zile nyembamba zote mpaka zimelia."

Balzhan aliinama. Picha ya kulia ilikuwa kama imekatwa kwa wembe. Matabaka yalijipanga kama kurasa za kitabu, na tabaka la gesi lilipita upande wa magharibi, jeusi na jembamba, hadi lilipofika kisima namba saba. Hapo likaingia kwenye ukungu. Kurasa zote zikawa uji. Kisha, mbele zaidi, picha ikang'aa tena.

"Ukungu huu una urefu gani?"

"Kilomita moja na nusu. Kituo cha mia mbili kumi na mbili mpaka mia mbili arobaini na moja."

"Na kisima namba tisa kiko wapi?"

Nesibeli aliweka kidole katikati ya ukungu.

"Watu wa kampuni walisemaje?"

"Walichora mstari kwa kalamu. Wakasema tabaka linateremka humo ndani, litakutwa kwenye mita elfu mbili mia tisa. Niliwauliza wamelionea wapi. Wakaniambia, bibie, wewe kazi yako kusafisha, ya kusoma tuachie sisi."

Balzhan aliangalia tena kile cha kushoto, kazi ya Tolegen. Ukungu ulikuwepo pale pale. Mwanzo ule ule, mwisho ule ule. Kichujio cha Tolegen kilikuwa kimeufifisha mstari mzima, lakini ukungu haukuwa wake.

Alifungua mkoba, akatoa maelezo ya Tolegen, akapekua mpaka ukurasa wa tatu. Aliyaandika yeye mwenyewe kwa mkono wake, na hakuyaelewa, akayapita. *Nilizichuja kwa sababu zilikuwa zinapigana. Kwingine zilikaa sawa, pale kati zilikuwa zinapigana.*

"Sauti kupigana maana yake nini?" aliuliza.

"Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo."

Nesibeli aliweka bakuli chini. "Ndiyo maana nimefunga mlango. Tazama. Hii ni rekodi ya kituo kimoja peke yake, kabla sijaijumlisha na nyingine. Mia mbili ishirini na tano, ndani kabisa ya ukungu. Unaliona tabaka?"

Lilionekana. Jembamba, jeusi, halina shaka.

"Na hii mia mbili ishirini na sita. Na hii. Kila moja inaliona. Nikizijumlisha, linapotea."

Balzhan alikaa, sasa kwa hiari yake. Kwa miaka kumi na sita alikuwa amewasikiliza mashahidi. Aliwahi kupata watu wanane walioona ajali moja, kila mmoja akisema kweli tupu, na bado hadithi zao hazikuungana, kwa sababu kila mmoja alikuwa amesimama mahali tofauti na pale alipodai kusimama.

"Nesibeli. Ile sauti inayokwenda juu juu, isiyoshuka chini. Inayotoka kwenye gari moja kwa moja hadi kwenye vinasa. Unayo?"

"Ipo. Huwa tunaikata, haina faida kwetu."

"Inakwenda mwendo gani?"

"Kwenye chokaa hii, mita kama elfu mbili kwa sekunde."

"Nipimie. Kituo cha mia mbili ishirini na tano kilikuwa umbali gani kutoka kwenye kinasa cha kwanza? Usisome karatasi. Pima kwa sauti."

Nesibeli alipima. Akapima tena. Kisha akageuka.

"Karatasi inasema mita mia. Sauti inasema mia tatu na ishirini."

"Pima vingine."

Walipima vituo vyote thelathini, mmoja akisoma, mwingine akiandika. Kabla ya mia mbili kumi na mbili, sauti na karatasi zilikubaliana. Baada ya mia mbili arobaini na moja zilikubaliana tena. Katikati, hakuna kituo hata kimoja kilichokuwa mahali pake. Makosa yalianza kidogo, yakakua, yakarudi kupungua, kama nyayo za mtu aliyeiacha njia akairudia mbele.

"Magari hayakuwa pale," Nesibeli alisema polepole. "Sauti nene zinavumilia kosa kama hilo. Nyembamba hazivumilii, zinauana. Maskini Tolegen. Aliona zinauana akazitoa."

Balzhan alikuwa ameshapiga simu kisima namba tisa.

Mkuu wa uchimbaji, Kairolla, alipokea akiwa anatafuna. Nyuma yake mitambo ilikuwa ikinguruma.

"Mpelelezi wetu," alisema. "Umetukumbuka au umetukosa?"

"Kaka Kairolla, mko mita ngapi?"

"Elfu mbili mia sita na nane. Tunakwenda vizuri, mita nane kwa saa."

"Namba saba ilikutana na gesi wapi?"

"Unajua wapi. Elfu mbili mia sita themanini na mbili. Lakini hapa inateremka, tuna picha mpya, safi, kwa hisani yako."

"Picha haina uhakika pale mlipo. Simamisha."

Kutafuna kulikoma. "Karatasi iko wapi?"

"Karatasi itakuja."

"Dada, karatasi ninayo. Ina sahihi yako. Inasema kosa lilikuwa la kichujio, kichujio kimebadilishwa, chimbeni. Nikisimamisha mtambo kwa simu ya mtu aliyebadili mawazo asubuhi, wakubwa wa kampuni kule Astana watanifunga kwenye mkia wa ngamia wanitembeze mjini. Niletee picha nyingine, au niletee mtu wa kusema hii ni mbovu kwa nini. Mpaka hapo tunachimba."

"Mko wangapi hapo leo?"

"Arobaini na mmoja," alisema, na safari hii hakutania. "Kwa nini?"

Hesabu haikuhitaji kalamu. Mita sabini na nne, mita nane kwa saa. Muda wa saa tisa na robo tu, kama tabaka lilikuwa kina kile kile. Kama lilikuwa juu zaidi, hakuna aliyejua.

"Nani aliongoza kikosi cha magari?" alimuuliza Nesibeli.

"Zholdybay. Mzee. Amestaafu, yuko kwake kijijini, mwendo wa saa moja. Simu yake hapokei, nimejaribu. Na dada, rekodi ya njia ya magari iliyoletwa huku ni ile iliyopangwa, si ile iliyopitwa. Imenakiliwa kituo kwa kituo. Mtu alikaa akaifanya."

*

Dosym, dereva wa ofisi, alikuwa mtu wa kuongea. Aliongea kuhusu upepo, kuhusu ngamia wa shemeji yake aliyekula pazia, kuhusu redio iliyokamata vituo vya ng'ambo ya Bahari ya Kaspi tu. Balzhan alishika ramani magotini na saa mkononi, na kila baada ya dakika kumi alimwambia aongeze mwendo.

"Nikiongeza tutapaa, bosi."

"Basi tupae."

Ramani ilikuwa ya kampuni. Kati ya vituo vile thelathini ilionyesha jangwa tupu. Balzhan alikuwa ameshajiuliza mambo matatu. Bonde? Magari yale huvuka mabonde. Matope? Uchunguzi ulifanyika Agosti, hapakuwa na tone. Uvivu? Mvivu hukata njia akaifupisha, na hawa walikuwa wameirefusha. Walikuwa wamezunguka kitu. Mtu angekuwa anaficha nini jangwani, kitu cha kuzungukwa na magari manne ya tani ishirini na sita? Alifikiria silaha, alifikiria bomba lililoibwa, akaona anaanza kutunga hadithi kama alivyotunga ya Tolegen.

Ghafla Dosym akanyamaza katikati ya sentensi. Alizima redio, akapunguza mwendo, midomo yake ikanong'ona kitu, kisha akapitisha viganja vyote viwili usoni. Gari lilijiendesha lenyewe kwa sekunde hiyo.

Balzhan alikuta viganja vyake mwenyewe viko mashavuni. Alikuwa amefanya vile vile bila kujua.

"Simama," alisema.

"Bosi, ulisema tupae."

"Simama, Dosym."

Upande wa kulia kulikuwa na makaburi. Ya zamani sana, mawe ya chokaa yamechongwa mapanga na farasi, mengine yamelala, mengine yamezama nusu mchangani, yametapakaa mpaka kwenye kilima. Balzhan alishuka. Upepo ulimpiga vibaya. Alitoa kifaa cha kupimia mahali, akalinganisha namba zake na orodha ya Nesibeli.

Alikuwa mita kumi na mbili kutoka kituo cha mia mbili ishirini na tano. Katikati kabisa ya makaburi. Na mbele yake, mbali kidogo, mnara wa kisima namba tisa ulikuwa umesimama kama sindano, moshi wa jenereta ukipeperuka.

Dosym alikuja kando yake, mikono mfukoni. "Vipi?"

"Wewe ungekuwa na gari la tani ishirini na sita. Umeambiwa uingie hapa, ushushe bamba, utetemeshe."

Dosym alimtazama kama vile amemtukania mama. "Hata ukinipiga risasi."

"Ungefanyaje?"

"Ningezunguka. Ningepitia kule kwenye korongo. Yeyote angezunguka." Akafikiri kidogo. "Hata wewe, bosi."

*

Mke wa Mzee Zholdybay aliwafungulia mlango, akaona uso wa Balzhan, na bado akasema waingie wale mkate kwanza. Hapakuwa na njia ya kuukwepa. Balzhan alivua viatu, akakaa kwenye zulia mbele ya kitambaa cha chakula, akamega kipande, akakitia mdomoni huku akiangalia saa. Saa sita kasoro kumi. Simu ya Nesibeli ilikuwa imeingia njiani: kisima kiko mia sita ishirini na mbili.

Mzee alikuwa mkubwa wa mwili, mikono kama makoleo, sikio moja halisikii kwa sababu ya miaka thelathini ya mitetemo. Alisubiri mgeni atafune.

"Umetoka mbali, mwanangu. Kunywa chai."

"Mzee, kikosi chako kilipita mstari wa nne Agosti iliyopita."

"Tulipita."

"Vituo vyote?"

"Vyote. Karatasi zipo."

"Karatasi nimezisoma. Hamkuacha njia hata mara moja?"

"Mimi ni mtu wa kuacha njia?" Alicheka kidogo, akamtazama mkewe. "Unasikia? Miaka thelathini."

"Mlipofika mia mbili kumi na mbili mliona nini?"

Mzee alichukua bakuli lake, akaligeuza. "Jangwa."

"Nimetoka huko sasa hivi. Nimeshuka nikasimama."

Mzee akaendelea kuligeuza bakuli.

"Mzee, sikuja kukushtaki kwa kuwaheshimu marehemu. Nimekuja kwa sababu mtambo unachimba mita mia nne kutoka pale, una watu arobaini na mmoja, na picha wanayoifuata imejengwa kwa vituo vyako. Kila kituo kinadanganya mahali kilipokuwa. Nambie mlipita wapi."

Mkewe alikuwa amesimama na birika mkononi. "Zholdybay," alisema, jina tupu, bila heshima ya mume. "Mwambie."

"Vijana walishuka kwenye magari," mzee alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Wote wanne. Wakaniambia, mzee, sisi hapo hatuingii. Na mimi sikuwa nimewaambia waingie. Baba wa baba yangu yuko pale. Tukapitia korongo upande wa kusini, tukatetemesha huko huko, tukarudi kwenye mstari mbele."

"Kwa nini hukuandika?"

"Ningeandika, wangeuliza kwa nini. Ningewaambia, wangesema ramani haina makaburi, rudini mpite. Wangeleta wengine, wageni, wasiojua kilicho pale. Wangetetemesha mifupa." Aliweka bakuli chini. "Nikanakili vituo kama vilivyopangwa. Nikajiambia, wanasikiliza kilomita tatu chini. Mita mia mbili juu ya ardhi zitawadhuru nini?"

Upepo ulitikisa dirisha.

"Wale wanne wa namba saba," mzee akasema. "Ni mimi?"

"Sijui bado," Balzhan alisema, na alikuwa anajua. "Mzee, nichoree njia. Kila kituo. Sasa hivi."

Alichora nyuma ya kalenda. Kumbukumbu yake haikusita: hapa jiwe jeupe, hapa korongo linapinda, hapa gari la tatu lilipasuka tairi tukatetemesha mara mbili. Balzhan aliipiga picha, akaituma. Nesibeli alipiga simu kabla ya dakika tano.

"Inakubaliana," alisema. Alikuwa akihema. "Njia yake na umbali wa sauti vinakubaliana, kituo kwa kituo. Ninaviweka upya vyote thelathini na kujumlisha tena. Nipe saa moja na nusu."

"Nipe nusu saa."

"Dada, hii ni kompyuta, si mbuzi wa kuchapwa."

Balzhan alimpigia Kairolla, akamweleza yote, akampa mzee simu aseme kwa mdomo wake. Mzee alisema. Kairolla alisikiliza mpaka mwisho.

"Makaburi," alisema simu iliporudi kwa Balzhan. "Nayajua. Baba mkwe wangu yuko pale. Bado hujanipa kina. Nikisimama, niwaambie Astana nimesimama kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya mita ipi?"

"Mko ngapi?"

"Mia sita thelathini na mbili. Mwamba umelainika kidogo. Tunakwenda mita kumi na sita kwa saa."

Katika kesi ya namba saba Balzhan alisoma kitabu cha zamu mara nyingi mpaka akakijua. Namba saba nayo ililainika. Zamu ya mwisho iliandika kwa furaha kwamba keekee ya kutobolea mwamba inakwenda kama inakata siagi. Ni gesi iliyokuwa ikisukuma kutoka chini na kuulegeza mwamba.

"Kaka Kairolla. Soma kitabu cha namba saba, siku ya mwisho. Ukurasa wa mwisho wenye maandishi."

"Nilikisoma," Kairolla alisema. Sasa naye alikuwa anaogopa, na sauti yake ilikuwa imejaa hasira ya mtu anayeogopa. "Nimewaambia wasiongeze mwendo. Zaidi ya hapo siwezi bila namba. Niletee namba."

Walisubiri. Hakuna kazi ngumu kama hiyo kwa mpelelezi. Dosym alikuwa amekaa mlangoni, hana hadithi hata moja. Mzee aliikunja kalenda, akaikunjua. Mkewe alimimina chai ambayo hakuna aliyeinywa, akaimwaga ilipopoa, akamimina nyingine. Saa saba ikapita. Saa saba na nusu. Kutoka dirishani, mbali, mnara ulionekana kama uzi, na Balzhan aligundua kwamba hajauondolea macho, kana kwamba ukiangaliwa hautawaka.

Saa nane na dakika kumi simu ililia.

"Ukungu umeondoka," Nesibeli alisema. Alikuwa akilia au akicheka, haikujulikana. "Limetoka lote, dada, jembamba kama unywele, linapita kutoka namba saba moja kwa moja. Haliteremki. Linapanda. Chini ya namba tisa liko mia sita sitini na nane."

"Una uhakika?"

"Mita tatu juu au tatu chini."

Balzhan alishakata, alishapiga. Kairolla alipokea mlio wa kwanza.

"Mia sita sitini na nane," Balzhan alisema. "Uko wapi?"

"Mia sita hamsini na saba. Nitarekodi. Sema jina lako, cheo chako, na unachoniamuru. Na useme ile karatasi yako inakuwaje, maana hapa ninazo mbili zinazogombana, na ya kwanza ndiyo yenye muhuri."

Mzee alikuwa akimtazama. Dosym naye.

"Naitwa Balzhan Otarbayeva, mpelelezi mkuu," alisema. "Taarifa niliyosaini kuhusu kisima namba saba si sahihi. Nilimshtaki mtu asiyehusika, na kwa taarifa hiyo mkaruhusiwa kuchimba mahali msipopajua. Naifuta. Simamisha keekee sasa hivi na uongeze uzito wa tope linaloizuia gesi isipande."

Alimsikia Kairolla akipiga kelele kwa watu wake. Ule mngurumo wa nyuma, aliousikia kila walipozungumza siku nzima, ulipungua, ukapungua, ukazimika. Kimya chake kilikuwa kibaya kuliko mngurumo.

"Tumesimama. Mia sita hamsini na nane." Kisha, mbali na simu: "Matangi yanasemaje?" Mtu akajibu. Kairolla akarudi, na sauti yake ilikuwa nyembamba. "Tope linapanda kwenye matangi. Pampu zimezimwa na linapanda. Vidole viwili."

"Gesi inaingia?"

"Inachungulia. Tunafunga vali. Usikate simu."

Hakukata. Aliiweka simu juu ya kitambaa cha chakula, katikati ya mkate, sauti wazi, na watu wanne wakaiinamia. Kilisikika chuma kikigonga chuma. Mtu alikuwa akihesabu. Mtu mwingine alisema vidole vitatu. Kairolla alisema wasiokuwa na kazi watoke kwenye jukwaa, waende upande wa upepo, watembee, wasikimbie. Mfuko baada ya mfuko wa unga mzito ulikuwa ukimwagwa kwenye tope, na aliyekuwa akiwahimiza wamwagaji alikuwa akiwatukania ukoo kwa upole, kama mtu anayembembeleza mtoto.

Mke wa mzee alikuwa ameishika mikono ya Balzhan. Balzhan hakujua ilishikwa lini.

Dakika arobaini.

"Shinikizo limesimama," simu ikasema. Wote walibaki wameinama, wakaogopa kulitikisa. "Dada, uko hapo? Limesimama. Tope zito limefika chini. Haipandi tena." Kairolla alivuta pumzi ndefu. "Mita kumi. Ndizo zilizokuwa zimebaki. Arobaini na mmoja. Nimewahesabu mara mbili, mmoja alikuwa chooni."

Dosym alicheka, cheko la ajabu, akatoka nje akiwa peku na kusimama kwenye upepo.

Balzhan alipiga simu mahabusu, akaomba Tolegen asihamishwe popote, atolewe kwenye chumba cha pamoja, aambiwe kwamba anakuja mwenyewe jioni. Afisa wa zamu aliuliza sababu. Alimwambia ataandika.

Akafungua mkoba, akatoa karatasi nyeupe, akaiweka juu ya goti. Akafungua kalamu.

Mzee Zholdybay alikuwa amekaa alipokuwa amekaa, kalenda mapajani.

"Unaandika waliosababisha," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Mimi jina langu lianze."

"Lako la pili," Balzhan alisema, na akaanza kuandika lake.